Vijiji vya Nchi Mbalimbali Vyenye Jina Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Inakuwaje vijiji viwili vilivyotenganishwa na mipaka au bahari vikawa na jina moja?

Mara nyingi watu wa pande zote mbili waliitazama ardhi ya aina moja wakaitaja kwa neno la kawaida. Mkulima aliyefyeka shamba kando ya maji hakuwa na haja ya kubuni jina la fahari; aliutaja mto, majirani wakafuata, na baada ya vizazi viwili au vitatu neno hilo likawa limeandikwa kwenye daftari la kodi. Norwei, Uswidi na Denmaki zina vitongoji vinavyoitwa Å, herufi moja tu, kwa sababu katika lugha za huko å ni mto mdogo. Kinachojulikana zaidi kiko Norwei, mwisho kabisa wa barabara ya visiwa vya Lofoten, na kibao chake kimeibiwa na wapita njia zaidi ya mara moja kwa sababu ya ufupi wa jina hilo. Vivyo hivyo Ujerumani, Austria na Uswisi zina vijiji vingi vinavyoitwa Au, neno linalotaja uwanda wenye majani ulio kando ya maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji kuiga kingine.

Ziko njia nyingine pia. Wahamiaji husafiri na majina yao kama wanavyosafiri na mbegu. Waumini huita makazi yao kwa majina ya maandiko au ya watakatifu. Watawala hugawa majina kutoka kwao bila kuwauliza watakaoishi hapo. Na wakati mwingine maneno mawili yasiyo na undugu wowote hukutana kwenye tahajia moja. Ndiyo maana jina moja peke yake halitoshi kumwambia mtu chochote kuhusu asili ya kijiji. Kila kijiji kina njia yake ya kulifikia jina lake, na njia hiyo ndiyo inayofaa kuulizwa kwanza.

Ni jina gani linalorudiwa zaidi?

Tukihesabu kwa maana badala ya herufi, sioni linaloweza kushindana na "Kijiji Kipya". Novo Selo linapatikana Bulgaria, Serbia, Makedonia Kaskazini, Bosnia na Kroatia. Nowa Wieś limejaa Polandi, na Nová Ves limeenea Ucheki na Slovakia. Wajerumani husema Neudorf, Waturuki Yeniköy, Wagiriki Neochori, Waromania Satu Nou. Upya huo ni wa siku kijiji kilipoanzishwa tu, kwa hiyo msafiri asishangae kukuta kanisa la karne nyingi katika mahali panapojiita papya. Kilikuwa kipya mbele ya kijiji jirani kilichotangulia, au mbele ya kile kilichoungua au kuhamwa, na jina likabaki hata baada ya watu kusahau kile cha zamani kilikuwa wapi.

Kwa upande wa herufi zenyewe, San Isidro ni mfano mzuri hasa kwa sababu ni jina la mashambani tangu mizizi yake. Isidro alikuwa kibarua wa shamba katika eneo la Madrid, akatangazwa mtakatifu mwaka 1622, na huadhimishwa tarehe 15 Mei kama msimamizi wa wakulima. Wahispania walipoeneza dini yao, jamii za wakulima zilimchukua kuwa wao, na leo kuna San Isidro huko Peru, Argentina, Kosta Rika na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, pamoja na manispaa kadhaa za Ufilipino, upande wa pili kabisa wa Bahari ya Pasifiki. Hapa jina limeshikana na kazi ya watu: waliolima mahindi na waliolima mpunga walimwomba mtakatifu yule yule kuhusu mvua.

Je, kufanana kwa jina kunaonyesha kwamba watu wa vijiji hivyo wana asili moja?

Wakati mwingine ndiyo, na tena kwa nguvu kubwa. Wamenoni, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti waliokuwa wakizungumza Kijerumani, walilima ardhi ya kusini mwa Ukraini ya leo tangu mwishoni mwa karne ya 18, wakati eneo hilo lilipokuwa chini ya Urusi, na vijiji vyao walivipa majina kama Blumenort, yaani mahali pa maua, na Gnadenthal, yaani bonde la neema. Kuanzia mwaka 1874 maelfu yao walihamia Manitoba, Kanada, wakijenga vijiji vya mpango ule ule wa barabara moja ndefu na nyumba pembeni, na wakavipa majina waliyotoka nayo. Kanada ilipowabana kuhusu lugha ya kufundishia shuleni, kundi moja lilihamia kaskazini mwa Meksiko mwaka 1922, na jingine likafika nyika kavu ya Chaco, Paragwai, na kuanzisha koloni la Menno mwaka 1927. Huko kote majina ya zamani yalijitokeza tena. Mtu anayeyafuata kwenye ramani kutoka Ulaya hadi Amerika ya Kusini anafuata safari ya familia zile zile, zikikimbilia kila mara mahali ambapo zingeachwa zisali na kusomesha watoto kwa namna yao.

Lakini ukiichukua Sierra Leone, jibu linageuka. Kwenye rasi iliyo kusini mwa Freetown kuna makazi yanayoitwa Waterloo, Hastings, Kent, Sussex na York. Asiyejua historia angedhani yalianzishwa na wahamiaji kutoka Uingereza. Ukweli ni kwamba baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, manowari zake zilikamata meli za watumwa baharini na kuwashusha mateka Freetown, na serikali ya kikoloni ikawapanga katika vijiji ilivyovipa majina ya kwao. Waterloo lilitokana na ushindi wa mwaka 1815 dhidi ya Napoleon huko Ubelgiji. Waliokaa hapo walikuwa wametekwa sehemu nyingi za Afrika Magharibi na kwingineko, na wengi wao hawakuwahi kuiona Ulaya. Jina lilitoka kwa aliyeshika kalamu. Ninausisitiza mfano huu kwa sababu ni rahisi sana kusoma jina la Kiingereza kwenye ramani ya Afrika na kuwasahau watu waliolibeba.

Je, majina yanaweza kufanana kwa bahati tu?

Naam. Hell ya Norwei ni kijiji kidogo karibu na uwanja wa ndege wa Trondheim. Jina lake linatokana na neno la Kinorwe cha kale, hellir, linalotaja pango au mwamba ulioinama ukaacha kivuli chini yake. Hell ya jimbo la Michigan, Marekani, ni kitongoji ambacho jina lake linaeleweka kwa Kiingereza moja kwa moja kuwa ni jehanamu. Watu wa Norwei walikuwa wakitaja jabali. Wa Michigan, kwa simulizi moja, walijua wanataja moto. Katika kituo cha treni cha Norwei kuna jengo dogo la mbao lenye kibao cha zamani kisemacho "Gods-expedition", ambacho kwa tahajia ya Kinorwe cha wakati ule kilimaanisha tu ofisi ya kupokea na kusafirisha mizigo, na wageni wanaojua Kiingereza husimama hapo kupiga picha wakilisoma kwa maana nyingine kabisa.

Moscow ya Uskoti nayo ni funzo. Ni kitongoji cha wakulima katika eneo la Ayrshire, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina lake la awali lilihusu ardhi ya kinamasi ya huko, kisha tahajia ikavutwa ifanane na mji mkuu wa Urusi katika enzi za vita vya Napoleon. Kijito kinachopita hapo kinaitwa Volga. Kwa hiyo jina lilianza kama bahati, halafu watu wakaliendeleza kwa makusudi, jambo ambalo hutokea mara nyingi zaidi ya inavyodhaniwa.

Kwa nini majina ya Biblia yametapakaa mashambani kiasi hiki?

Kwa sababu makanisa madogo yalitangulia vijiji. Katika eneo la Carmarthenshire, Wales, kuna Bethlehem iliyopata jina kutokana na kanisa lililojengwa hapo, na nyumba zilizolizunguka zikalichukua. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakifika huko mwezi Desemba ili kadi zao za Krismasi zipigwe muhuri wa jina hilo. Wamoravian walifanya vivyo hivyo kwa upana zaidi. Walianzisha Bethlehem ya Pennsylvania mwaka 1741, ambayo imekua na kuwa mji, na kwenye pwani baridi ya Labrador, Kanada, wakaanzisha Nain mwaka 1771 na Hebron mwaka 1831, miongoni mwa Wainuit, wenyeji wa pwani hiyo. Hebron hiyo ilifungwa mwaka 1959 na familia zake zikahamishiwa kusini bila ridhaa ya kweli. Serikali ya jimbo iliomba radhi mwaka 2005. Jina la mji wa kale wa Palestina limebaki pale kwenye jengo la misheni lisilo na wakazi.

Genadendal ya Afrika Kusini, ambayo pia ni ya Wamoravian, ina maana ile ile ya Gnadenthal ya Wamenoni niliyoitaja juu, ingawa ni madhehebu mawili tofauti. Bonde la neema lilikuwa wazo linalopendwa na wacha Mungu waliokuwa wakitafuta maji na amani.

Vipi kuhusu kijiji kimoja kilichokatwa na mpaka?

Hapo jina ni moja kwa sababu mahali palikuwa pamoja. Saint-Gingolph iko kando ya Ziwa Geneva, na kijito cha Morge kinachopita katikati yake kimekuwa mpaka tangu mkataba wa mwaka 1569. Ng'ambo moja ni Uswisi, ng'ambo nyingine ni Ufaransa. Zipo halmashauri mbili na sheria mbili, lakini parokia ni moja, na kanisa pamoja na makaburi yako upande wa Ufaransa, hivyo Mswisi wa kijiji hicho husali na kuzikwa ng'ambo ya mpaka. Moyale, iliyo Kenya na Ethiopia, na Laufenburg, iliyo Ujerumani na Uswisi, ni mifano ya aina hiyo hiyo, ingawa ni miji.

Je, mahali pakubwa au palipotangulia kuwa maarufu pana haki zaidi ya jina?

Kwa jina la makazi, hapana. Hakuna sheria ya kimataifa inayolikataza kundi la nyumba 20 kujiita kwa jina la mji mkuu wa nchi nyingine. Tatizo huanza jina linapobandikwa kwenye bidhaa, na kisa ninachokiona kuwa cha kuumiza zaidi ni cha Champagne, kijiji cha jimbo la Vaud, Uswisi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la ardhi ya wazi, sawa na jina la eneo maarufu la Ufaransa, na vijiji vingine vingi vimelipata kwa njia hiyo hiyo. Wakulima wa hapo walikuwa wakitengeneza mvinyo mweupe wa kawaida, usio na povu, na kuuita kwa jina la kijiji chao kwa vizazi na vizazi. Mwaka 1999 Uswisi ilitia saini mikataba ya biashara na Umoja wa Ulaya, na mmoja ukaweka sharti kwamba jina hilo litumike kwa mvinyo wa Ufaransa pekee. Kuanzia mwaka 2004 wanakijiji hawakuruhusiwa tena kuliandika kwenye chupa zao. Kesi waliyoipeleka mahakama ya Ulaya haikuwasaidia.

Naelewa sababu ya kulinda jina la bidhaa dhidi ya walaghai. Hata hivyo wanakijiji hao hawakuwa wakiiga mtu. Walikuwa wakiandika anwani yao. Sheria inayoshindwa kumtofautisha mlaghai na mtu aliyezaliwa mahali panapoitwa hivyo inahitaji kutazamwa tena.

Kwa nini serikali hazikubaliani kuondoa majina yanayofanana?

Ndani ya nchi moja hufanya hivyo. Italia ilipoungana mwaka 1861 ilijikuta na manispaa nyingi zenye majina yale yale, na katika miaka michache iliyofuata mamia ziliongezewa neno la kuzitofautisha, kama vile jina la mto au eneo. Wajerumani huongeza mto, Wafaransa huandika "sur" na jina la mto au ziwa, na Wahispania huunganisha kwa "de".

Kati ya nchi na nchi hakuna mwenye mamlaka hayo. Umoja wa Mataifa una Kundi la Wataalamu kuhusu Majina ya Kijiografia, na mkutano mkuu wa kwanza wa kusanifisha majina hayo ulifanyika Geneva mwaka 1967, lakini kazi yake ni kuhakikisha kila nchi inaandika majina yake kwa namna moja inayotambulika na wengine. Jina hubaki mali ya nchi husika.

Kijiji kinaweza kulazimishwa kubadili jina?

Kinaweza, na vita ndivyo sababu ya kawaida. Hahndorf ya Australia Kusini ilianzishwa na wahamiaji Walutheri wa Kijerumani mwaka 1839 na kupewa jina la Hahn, nahodha aliyewavusha bahari. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jimbo hilo lilipitisha sheria ya mwaka 1917 iliyofuta majina 69 ya Kijerumani, na Hahndorf ikaitwa Ambleside, jina la mahali palipo Uingereza. Hivyo kijiji kilichokuwa na jina la pekee kikajikuta kikichangia jina na mji wa mbali kisichohusiana nao. Jina la nahodha lilirudishwa mwaka 1935.

Nitahakikishaje kwamba nimepata kijiji sahihi kwenye ramani?

Usitegemee jina pekee, wala jina pamoja na nchi, kwa kuwa nchi moja inaweza kuwa na Nowa Wieś chungu nzima. Tafuta kwanza ngazi za utawala zilizo juu ya kijiji: wilaya, mkoa, jimbo. Kisha andika latitudo na longitudo. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta hukufikisha ndani ya kilomita moja hivi, na tarakimu nne hukufikisha kwenye ua wa nyumba. Angalia usibadilishe mpangilio, maana latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi kijiji huweza kuangukia katikati ya bahari. Hifadhidata ya GeoNames hukipa kila mahali namba yake, na namba haina pacha.

Chunguza pia herufi moja moja. Mwezi Februari mwaka 2016 mtalii mmoja wa Kimarekani huko Aislandi aliandika kwenye kifaa chake cha kuongozea gari jina la barabara ya hoteli yake mjini Reykjavík, yaani Laugavegur, lakini kwenye karatasi ya kuhifadhia chumba lilikuwa limeandikwa Laugarvegur, na herufi ile ya ziada ikamwendesha zaidi ya kilomita 400 hadi kijiji cha wavuvi cha Siglufjörður, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Alama juu ya herufi nazo zina uzito huo huo.

Na nikituma barua?

Andika jina la nchi peke yake kwenye mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, kama Umoja wa Posta Duniani unavyoelekeza. Litaje kwa lugha inayosomeka katika nchi unakotumia, kwa kuwa ofisi yenu ndiyo itakayoamua bahasha iende upande gani. Msimbo wa posta uandikwe kama ulivyo huko inakokwenda.

Vijiji vyenye jina moja huwa vinafahamiana?

Baadhi ndiyo. Miji midogo inayoitwa Neustadt iliunda umoja wake mwaka 1979, na sasa una wanachama zaidi ya 30 katika nchi kadhaa za Ulaya ya Kati, wakiwemo wale ambao jina lao kwa sasa linaandikwa kwa Kicheki au Kislovakia lakini maana yake ni ile ile. Undugu wa maana tu upo pia: kijiji cha Dull cha Uskoti na Boring cha jimbo la Oregon, Marekani, vilifunga urafiki mwaka 2012 kwa kuwa majina yote mawili kwa Kiingereza hutaja jambo la kuchosha, na wilaya ya Bland ya Australia ikajiunga baadaye. Boring lilikuwa jina la ukoo wa mlowezi.

Natafuta kijiji walikotoka wazee wangu, na nimekuta vinane vyenye jina hilo. Nianzie wapi?

Anza na tarehe, halafu nenda kwenye ramani ya tarehe hiyo, kwa sababu kijiji kilichoandikwa Urusi mwaka 1880 kinaweza leo kuwa Polandi, Ukraini au Moldova, na huenda kina jina jingine. Halafu tafuta jina la pili katika hati ile ile. Karani aliyeandika jina la kijiji mara nyingi aliandika pia parokia, ofisi ya posta, kituo cha treni au jina la shahidi aliyetoka kijiji jirani, na jirani huyo ana thamani kuliko kijiji chenyewe: Novo Selo ziko nyingi, lakini Novo Selo iliyo umbali wa kutembea kutoka kijiji fulani chenye jina la nadra inaweza kuwa moja tu. Chora duara dogo kuzunguka kila kimoja kati ya vile vinane, uone ni duara lipi lenye jina hilo la nadra, kisha omba daftari la ubatizo au la vifo la parokia hiyo, na utafute ukoo wako humo kwa mwaka unaoujua kwa hakika.